Kuwapumulia Kitatange

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sitaki kuonewa huruma kwa hilo. Wengine huzaliwa na sauti nzuri, mimi nilizaliwa na hofu. Mama yangu husema nilipokuwa mchanga nilikuwa nikilia kabla sijaguswa. Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kuolewa na nani? Na mzamiaji wa kamba mawe. Hapo tena hamna wa kumlaumu, maana alikuja kuniposa mchana kweupe na mimi nikasema naam kwa ulimi wangu mwenyewe.

Wazamiaji wa kwetu hawana mitungi ya hewa. Wana miwani ya kuzamia na pumzi waliyopewa na Mungu, basi. Mtu anavuta hewa, anashuka mpaka kwenye pango la mwamba, anamtoa kamba kwa mkono, anapanda. Miaka yote hiyo alikuwa akienda zake mimi nabaki hapa Kismayo nikipika, nikifua, nikiitikia salamu za watu, na kifuani mna kitu kimekaza ambacho hakilegei mpaka nisikie viatu vyake mlangoni. Sikuwahi kumwambia. Angenicheka, na wanaume wenzake wangemcheka yeye.

Siku moja kwenye miamba ya Darakasi alishuka akakawia. Wenzake walimvuta juu hajitambui, damu inamtoka masikioni. Alipona, alhamdulillahi, lakini sikio la kushoto lilikufa kabisa na la kulia likabaki na usikivu kidogo. Daktari alinieleza kwa Kisomali, polepole sana, kana kwamba kiziwi ni mimi. Akizama tena, alisema, kichwa kitazunguka huko chini na hatajua juu ni wapi. Asizame. Asibebe vizito. Asipenge kamasi kwa nguvu, na hata puto la harusi asipulize.

Mume wangu aliitikia kwa kichwa kila neno. Tulipofika nyumbani alitundika miwani yake kwenye msumari wa nyuma ya mlango, palepale ilipokaa siku zote, akaketi kwenye mkeka akaitazama. Kila alfajiri baada ya kuswali mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ule msumari, ukagusa, ukarudi. Mimi nilikuwa naona. Basi siku moja alipokwenda msikitini niliichukua ile miwani nikaifukia katikati ya gunia la mchele. Sikuomba ruhusa ya mtu, na hata leo sijutii. Aliporudi, mkono ukaenda kwenye msumari, ukakuta patupu. Hakuuliza. Angeuliza ningepigana naye, na kupigana nakujua. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitia baridi.

Siku zikaenda hivyo, yeye anatazama ukuta na mimi namtazama yeye. Mwishowe nilikaa upande wa sikio lake zima nikamwambia kwa sauti: kama ni kamba unaowalilia, watu wengine watavua, sisi tutaishi kwa riziki nyingine. Akatikisa kichwa.

«Si kamba nitakao,» akasema. «Ni kuangalia tu. Huko chini kuna mambo ya kuangalia. Hapa kuna ukuta.»

Maneno hayo hayakuniacha. Nikiosha vyombo nayasikia, nikienda sokoni nayasikia. Ndipo duka la vinywaji la mtaani kwetu lilipovunjikiwa na friji lao kubwa la mlango wa kioo. Vioo vya ubavuni vilikuwa vizima, wamevisimamisha nje kando ya takataka. Nilisimama pale nikavitazama, na wazo likanijia zima. Nikamwendea mume wangu nikamwambia nitamletea bahari ndogo sebuleni, aangalie mpaka achoke.

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Darakasi, lakini hakikuwa kicheko cha kunifurahisha.

«Samaki wa mwambani hakai ndani ya kioo,» akasema. «Haya, jaribu. Hawa wakiishi, na mi nitakaa. Wakifa, mi narudi kwangu, chini mwambani.»

Mama yangu, ambaye ni mjane na anaishi nasi, alikuwa pale anachambua mchicha. Akainua uso, akanitazama. Kwa hiyo ahadi ilikuwa na shahidi. Mwanamume wa kwetu akishasema neno mbele ya mkwewe halirudi, hata likiwa la upumbavu.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nilimpata fundi akanikatia vile vioo vipande vitano, nikanunua gundi ya mpira inayouzwa madukani kwa ajili ya madirisha, na nikatazama video simuni mpaka macho yakawasha. Watu wa video wanapaka gundi kwenye maungio, wanaacha ikauke, wanatia maji. Rahisi. Mama alishika ile gundi, akaibonyeza, akainusa.

«Gundi ya duka, mwanangu? Mchu aweka imani yake kwa gundi ya duka?»

Sasa hapa lazima mtu, au mchu kama tusemavyo kwetu, ajue sisi ni nani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashua kule kisiwani Fuma. Nilipokuwa mdogo kazi yangu na ya mama ilikuwa kusokota pamba, tukaichovya katika sifa, yale mafuta ya ini la papa, naye baba akaigongomea kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu. Hiyo ndiyo kalafati. Vita vilipokuja, mashua aliyoitia kalafati kwa mkono wake ilituchukua ukoo mzima mpaka Mombasa, na mimi nilikaa chini kabisa, juu ya mataruma yenyewe, zile mbavu za mashua, nikipapasa mbao kwa viganja kutafuta maji. Sikupata hata tone. Tangu siku ile, na hata baada ya kurudi huku Kismayo, katika dunia hii iliyojaa vitu vya kuogopa, nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho siogopi, nacho ni pamba na sifa.

Kwa hiyo mama alipotoa chupa ya sifa aliyokuwa ameificha uvunguni, sikubishana naye. Tulipaka gundi ya duka kidogo, kwa adabu tu, kisha tukasokota pamba, tukaichovya, tukaishindilia kwenye maungio yote kwa ndani kwa patasi ya baba. Nyumba ilinuka papa hadi majirani wakauliza kama kuna maiti. Tulipotia maji ya bahari, ambayo tuliyaleta kwa mkokoteni wa punda, hakukuvuja kitu. Nilipitisha kitambaa kikavu chini ya tangi, kikatoka kikavu. Mama akapiga kigelegele pale pale sebuleni.

Samaki niliwatafuta mimi, kwenye vidimbwi vya mwambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, kwa kipande cha chandarua. Nilipata kitatange wawili wadogo, wale bapa wenye mistari, na kangaja mmoja. Niliwaleta ndani ya ndoo nikitembea kama niliyebeba mtoto wa watu. Mume wangu alisogeza mkeka karibu na kioo, akasahau chai yake ikapoa.

Kesho yake asubuhi samaki wote watatu walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanatweta. Juu ya maji kulikuwa na utando unaometa rangi rangi. Nilielewa papo hapo. Mashua inaiweka bahari nje, na sifa ikitoka katika mbao, bahari inaichukua inakwenda nayo. Sisi tulikuwa tumeiweka bahari ndani, tukaipaka sifa usoni, na haikuwa na pa kuipeleka. Samaki walikuwa wanakosa hewa chini ya yale mafuta, kwa ajili ya ufundi wetu. Mtu yeyote wa Ulaya mwenye tangi angelijua hilo. Ni sisi tu, watoto wa mafundi, tungeweza kukosea namna ile.

Niliwatoa kwa kikombe, nikawatia kwenye ndoo ya maji safi ya bahari, na yule kangaja akageuka ubavu. Nilimsukuma kwa kidole. Nilimwomba, wallahi nilimwomba samaki. Mume wangu akaja akapiga magoti, akamchukua kiganjani, akamtazama.

«Wabaki wawili,» akasema, akaenda kumzika kwenye mchanga wa uani.

Wabaki wawili! Nililisikia neno hilo kama mtu anayesomewa hukumu. Mama akaanza kulia akisema yeye ndiye aliyeleta ile chupa, nikamwambia anyamaze, tulishike tangi, tulie baadaye.

Tuling'oa pamba yote. Tulisugua vioo kwa jivu na maji ya moto mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na sabuni hatukugusa, maana nilikuwa nimejifunza kuogopa kila kitu kinachoingia ndani. Tukapaka gundi ya duka kama watu wa video, tukangoja mpaka ule ukali wa siki uliokuwa unatoka kwenye gundi uishe kabisa. Muda wote huo kitatange wako kwenye ndoo, mimi nawabadilishia maji, nawachotea na kuwamwagia kutoka juu ili yapate hewa, na mkono mmoja nakorogea uji.

Kisha nikatengeneza kichujio. Chupa kubwa ya mafuta ya kupikia niliikata kitako, nikaitoboa ubavuni, nikaijaza changarawe za matumbawe, makaa ya mkoko yaliyooshwa mpaka maji yakatoka meupe, na kumbi za nazi juu yake. Katikati nikasimamisha bomba. Hewa ikipulizwa chini ya bomba inapanda na maji, na maji mengine yanalazimika kupita katikati ya makaa na kumbi kuja kujaza nafasi. Kila kitu kilitegemea hewa ile. Ilitoka kwenye pampu ndogo niliyoipata kwa muuza vyombo vya umeme, inakula betri ya pikipiki, na betri inakula paneli ya jua juu ya bati. Ndani ya pampu kuna kipande cha mpira, kidogo kama kifungo cha shati, kinachopigapiga. Niliifungua niione, nikajuta, maana sasa nilijua maisha ya mume wangu yananing'inia kwenye kitu gani.

Taa nayo niliitengeneza kwa utepe wa taa ndogondogo wanazopamba nazo bajaji, nikaubandika ndani ya kopo la maziwa ya unga nililolipasua kwa urefu, ili bati linalong'aa lirudishe mwanga chini. Nilipoiwasha, kitatange walikimbilia nyuma ya jiwe. Mume wangu akaniambia niizime.

«Jua halifiki chini namna hiyo,» akasema. «Lafika limechoka.»

Akaenda akaleta kipande cha mfuko wa plastiki wa buluu, akakifunga mbele ya taa, akakikunja, akakikunjua, akaondoka akarudi. Alipomaliza, maji yalikuwa na rangi ambayo mimi sijawahi kuiona kwa macho yangu. Kitatange wakatoka. Alikaa pale mpaka adhuhuri akinionyesha hili na lile, kwamba jiwe ligeuzwe, kwamba wanapenda tundu lenye milango miwili. Nilifurahi, nikataka kumshika mkono. Lakini furaha yangu haijawahi kukaa peke yake bila jirani. Nilikuwa nawaza: ana uchu zaidi sasa, nimemkumbusha.

Tangu hapo nikawa mtumwa wa sauti. Pampu ilikuwa inanguruma kidogo na mapovu yanasema blu-blu-blu, na yeye hasikii. Ikisimama hatajua. Kwa hiyo masikio ya nyumba yalikuwa yangu. Nikiwa jikoni nasikiliza. Nikiwa uani nasikiliza. Mgeni akiongea sana namchukia. Hata swala yangu ilikuwa nusu kwa Mola na nusu kwa mapovu, Mola anisamehe. Povu moja likichelewa nilikuwa naacha sufuria jikoni nakuja mbio, namkuta mume wangu amekaa, ananitazama mimi badala ya samaki. Nikageuza uso. Nilidhani ananisubiri nishindwe.

Upepo wa kusi ukalegea, maji yakatulia, na wenzake wakaanza kupita. Walikuwa wanajiandaa kwenda upande wa Burgao kwa kamba. Waliketi kwenye kibaraza chetu, wakanywa chai yangu, wakapaza sauti ili asikie jinsi miamba ilivyojaa. Mmoja akamwambia sikio si pafu. Nilitoka na birika nikammiminia chai ikafurika mpaka kwenye vidole vyake, nikasema samahani, mkono wangu mzito. Mume wangu hakusema ndiyo wala la. Walisema wataondoka Alhamisi baada ya alasiri.

Na Alhamisi ile kulikuwa na harusi ya mtoto wa binamu yangu, ambayo kutokwenda hakuruhusiwi. Nilijaribu kuumwa, mama akanivalisha kwa nguvu. Nilikaa kwenye mkeka wa wanawake, natabasamu, wala wimbo mmoja sikuusikia. Udi unafukizwa mimi nasikiliza mapovu yaliyo mtaa wa pili. Adhana ya alasiri ilipotoka nilisimama, nikamwambia mama kuna kitu nimekisahau jikoni. Alijua. Akachukua viatu vyake.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Ukumbini, gunia la mchele limelala chini, limemwagwa, mchele umetapakaa mpaka kizingitini. Niliingiza mikono yote miwili ndani ya gunia nikapapasa kama nilivyopapasa zile mbao nilipokuwa mtoto. Miwani haikuwemo.

Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya ule mchele kwa nguo zangu za harusi. Niliwaza kwamba wako wanasukuma mashua sasa hivi, kwamba nikikimbia nitafika pwani waone mke wa mtu anavyolia. Niliwaza juu ni wapi, chini ni wapi. Sebuleni hakukuwa na mngurumo wa pampu wala blu-blu-blu. Basi wamekufa, nikasema, wamekufa na yeye ametimiza neno lake.

Ndipo nikasikia povu. Likanyamaza. Likaja tena, refu, halafu likakatika kama mtu anayeishiwa.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, bomba la hewa limechomolewa kwenye pampu, ncha yake iko mdomoni mwake. Alikuwa anapuliza. Anavuta hewa kwa pua, mashavu yanajaa, anaisukuma ndani ya kichujio, maji yanapanda, anavuta tena. Uso umemwiva, mishipa ya shingo imesimama, na kwa kiganja kimoja ameziba sikio la kulia kwa maumivu. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Kitatange wawili walikuwa wanazunguka jiwe lao wakiwa wazima. Kando ya goti lake pampu imefunguliwa, na kile kipande cha mpira kimepasuka katikati. Kando ya pampu, miwani yake ya kuzamia, na mkasi wangu wa kushonea.

Nilimkimbilia nikamvuta bega, nikamkumbusha daktari, nikamkumbusha puto, nikamtukana. Akatikisa kichwa bila kuachia bomba. Alinisukumia miwani kwa mkono ule mwingine, akaonyesha kidole kwenye mpira laini unaozunguka uso, ule unaozuia maji, kisha akaonyesha kwenye pampu. Mwenyewe asingeweza kukata na kupuliza kwa pamoja.

«Kacha,» akasema kati ya pumzi mbili.

Mimi, niliyeichukia ile miwani kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, nilishika mkasi nikashindwa. Ni yake. Ameivaa tangu ujanani. Nilimwambia nitatafuta mpira mwingine, mama akakimbilia kutafuta ndala ya zamani.

«Kacha!»

Nikakata. Niliukata mpira ule mduara mdogo kama kifungo, nikaupachika, nikafunga skrubu, nikarudisha bomba, nikaiwasha. Blu-blu-blu. Miwani ikabaki na tundu ambalo lingeingiza bahari nzima. Mume wangu alijilaza kwenye mkeka na sikio juu, macho amefumba, mama akamfunika kwa leso yake ya harusi.

Alipotulia nilikaa upande wa sikio zima.

«Ulijua lini kuwa imo guniani?»

«Tangu siku ya kwanza. Wali wako wanuka mpira.»

«Na wenzako wameondoka?»

«Wameondoka.»

Nikamuuliza kwa nini basi hakuichukua siku zote hizo akaenda zake. Nilidhani hakusikia, nikainama kurudia, akafumbua macho.

«Mapovu yale mi siyasikii,» akasema. «Nakuangalia weye ukiyasikiliza. Yakichelewa kidogo tu, uso wako hufa. Kisha nikajua ndivyo ulivyokuwa ukikaa miaka yote hiyo, mi nikiwa chini.»

Nilikwenda ukumbini nikaanza kuzoa mchele. Nililia nikiuzoa, mama akaja na ungo tukapepeta pamoja. Jioni niliupika. Ulinuka mpira kweli, tukaula wote.